Nimeshusha mionzi ya CT, picha zimejaa chenga: nimekosea wapi?

Swali: Mimi ni mteknolojia wa mionzi, niko kwenye CT (mashine ya eksirei inayotoa picha za mwili kipande kwa kipande) mwaka wa nne sasa. Idara yetu imeagizwa kupunguza dozi ya mionzi. Nilianza na picha za tumbo, nikashusha miliampea (kiasi cha umeme kinachoamua wingi wa mionzi) hadi nusu ya zile tulizozizoea. Siku hiyohiyo daktari wa radiolojia alirudisha picha za wagonjwa watatu, akasema zina chenga na ini halisomeki. Mmoja wao ilibidi tumpige upya kwa vipimo vya zamani. Sasa wenzangu wanasema tuachane na habari hizi, kwamba picha mbaya ni hatari kuliko mionzi yenyewe. Nianzie wapi ili dozi ishuke na daktari asilalamike?

Jibu: Tuanze na huyo mgonjwa aliyepigwa mara mbili. Mara ya kwanza alipata nusu ya dozi ya kawaida, mara ya pili akapata kamili. Ameondoka na mara moja na nusu ya kile ambacho angepata kama usingegusa kitu. Sikulaumu, nia yako ilikuwa njema na agizo mlilopewa ni sahihi. Nataka tu uione hesabu hiyo, kwa sababu dozi tunayoitafuta ni ile ndogo kuliko zote ambayo bado inajibu swali la daktari. Ikishuka chini ya hapo, mgonjwa amekula mionzi bure.

Wenzako nao wana hoja, ila wameishia njiani. CT ya tumbo ya awamu moja, yaani mgonjwa akipigwa mara moja tu, kwa kawaida huwa kwenye milisiveti (kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) 8 hadi 10, na mionzi ya asili inayompata binadamu popote alipo ni wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Kwa mtu mzima mwenye tatizo la kweli, hatari ya dozi hiyo ni ndogo mno ukiipima na hatari ya ugonjwa kupita bila kuonekana. Lakini mtu huyo anaweza kurudi mara nne kwa mwaka, na anayemfuata kwenye foleni anaweza kuwa mtoto wa miaka mitano. Kwa hiyo kazi haiachwi. Kilichokwama ni mahali pa kuanzia. Wewe ulianzia kwenye miliampea, kama wengi wanavyofanya, maana ndiyo namba iliyo karibu na kidole. Mimi miliampea huziweka karibu na mwisho, na nitakueleza kwa nini.

Chenga zinatoka wapi? Mashine ya CT inahesabu fotoni za eksirei zilizofanikiwa kupenya mwilini na kufika kwenye vipokezi. Fotoni hizo hazifiki kwa mpangilio, zinadondoka kama matone ya mvua. Weka sahani mbili zinazolingana kwenye mvua kwa muda uleule: kama kila moja ilitarajiwa kupata matone 100, moja inaweza kupata 92 na nyingine 109, na hakuna aliyekosea. Tofauti hiyo ya bahati ni kama 10 katika 100, yaani asilimia 10. Matone yakiwa 10,000, tofauti ya bahati ni kama 100, yaani asilimia 1 tu. Chenga kwenye picha ni hizo tofauti za bahati. Zinafuata kipeuo cha pili cha idadi ya fotoni, na hapo ndipo ulipokwama: ukipunguza dozi kwa nusu, chenga haziongezeki mara mbili, zinaongezeka kwa takriban asilimia 41. Na ukitaka kuzipunguza chenga ziwe nusu, ni lazima ulipe dozi mara nne.

Sasa tuilete hesabu hiyo kwenye ini la mgonjwa wako. Tuseme kwa vipimo vya zamani, ukichora duara ndani ya ini mahali pasipo na mshipa, mkengeuko, ile namba inayopima ukubwa wa chenga, ulikuwa 12 kwenye kipimo cha Hounsfield (skeli ya CT ya weupe na weusi wa picha). Baada ya kushusha nusu umekuwa 17. Uvimbe mdogo uliosambaa kutoka kwenye saratani unaweza kutofautiana na ini linalouzunguka kwa vipimo 15 hivi. Kwenye chenga za 12 bado daktari anauona, kwenye 17 umezama. Chukua mgonjwa mwingine, mashine ileile, chenga zilezile 17, ila yeye amekuja na maumivu ya ubavu na daktari anatafuta jiwe kwenye mrija wa mkojo. Jiwe liko mamia ya vipimo juu ya nyama inayolizunguka. Hata chenga zikifika 25 jiwe halijifichi. Kwenye mapafu ndiyo kabisa, maana kinundu kimezungukwa na hewa na tofauti yake ni karibu vipimo 800.

Umeandika "picha za tumbo" kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi naona hapo maswali matatu au manne yaliyofungwa kwenye protokoli moja (mpangilio mmoja wa vipimo vya mashine), na swali gumu kuliko yote, la ini, ndilo lililowapangia wote dozi. Kaa na daktari wako mzigawe. Mawe ya figo yapate protokoli yake, chini ya nusu ya dozi ya tumbo la kawaida, na kwa mgonjwa asiye mnene inaweza kushuka zaidi. Ufuatiliaji wa kitu kinachojulikana tayari, kama jipu linalotolewa usaha au mrija uliowekwa, nao upate yake. Ini na kongosho zibaki na dozi yake ya heshima. Kama unataka ushahidi kwamba njia hii haimdhulumu mgonjwa, angalia uchunguzi wa saratani ya mapafu. Utafiti mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2011, wenye washiriki zaidi ya 53,000, ulitumia CT ya kifua ya dozi ndogo, wastani wa takriban milisiveti 1.5, na vifo vya saratani ya mapafu vikapungua kwa asilimia 20 ukilinganisha na kundi lililopigwa eksirei ya kawaida ya kifua. Picha zile zilikuwa na chenga, na bado ziliokoa maisha.

Baada ya kugawa maswali, usiguse bado miliampea. Fungua ripoti ya dozi, ule ukurasa ambao mashine huutoa mwisho na wengi wetu huupitia kwa jicho moja. Kuna namba mbili za kusoma. Ya kwanza, CTDIvol, ni ukali wa mionzi katika kila sentimita ya urefu, kwa miligrei. Ya pili, DLP, ni ukali huo ukizidishwa kwa urefu uliopigwa. Chukua mfano: CTDIvol 12, urefu sentimita 45, DLP inakuwa 540. Kwa tumbo na nyonga za mtu mzima, ukizidisha DLP kwa 0.015 unapata makadirio ya milisiveti, hapa 8.1. Sasa tuseme protokoli yenu inapiga kabla ya dawa ya kontrasti (yenye iodini, ya kung'arisha mishipa), inapiga tena dawa ikiwa kwenye mishipa ya ateri, inapiga tena ikiwa kwenye veni. DLP inafika 1,620, milisiveti 24 na ushei. Mgonjwa aliyekuja kwa sababu ya homa na maumivu ya tumbo yasiyoeleweka, kwa kawaida awamu ya veni peke yake inamjibu. Ukiondoa mbili zile, umefuta theluthi mbili ya dozi yake na hujaongeza hata chenga moja kwenye picha inayobaki. Hakuna programu wala mashine mpya itakayokupa punguzo kama hilo.

Urefu nao ni vilevile. Nimeona CT za tumbo zinazoanzia katikati ya moyo na kuishia katikati ya mapaja, "kwa usalama". Kwenye mfano wetu kila sentimita 5 za ziada ni DLP 60 kwa kila awamu. Andikeni kwenye protokoli alama za mwili za kuanzia na kuishia, kwa maneno, kisha mzifuate. Na pale ambapo ombi la daktari wa wodini halieleweki, piga simu. Mara nyingine jibu litakuwa kwamba ultrasound inatosha, na hiyo ndiyo dozi ndogo kuliko zote.

Sasa mkao wa mgonjwa, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu ndipo picha nyingi zinapoharibika bila mtu kujua. Niliwahi kukaa nusu siku nyuma ya kioo cha chumba cha CT, hospitali siitaji, nikitafuta kwa nini picha za tumbo zilikuwa na chenga kwa baadhi ya wagonjwa tu. Mashine ilikuwa nzima. Fantomu ya maji, kile chombo cha kupimia mashine badala ya mgonjwa, ilitoa picha safi. Nilichokuja kukiona ni meza. Mgonjwa anapanda, meza inainuliwa kiasi cha mwili kuingia kwenye tundu la mashine, inaachwa hapo. Ule mstari wa leza wa pembeni, ambao unatakiwa kuukata ubavu katikati, ulikuwa unapita karibu na ngozi ya tumbo. Mgonjwa alikuwa chini ya katikati ya tundu kwa sentimita kadhaa, na hakuna aliyeona tatizo kwa sababu kwenye skrini mwili wote ulionekana.

Madhara yake ni mawili. Mbele ya tyubu inayotoa mionzi kuna kichujio chenye umbo la tai ya kipepeo, chembamba katikati na kinene pembeni. Kimetengenezwa kikijua kwamba katikati ya mwili ni kunene na pembeni ni kwembamba. Mgonjwa akikaa nje ya katikati, sehemu nene ya mwili inaangukia sehemu nene ya kichujio na kukosa fotoni, huku ngozi ya upande mwingine ikipokea zaidi ya haki yake. La pili linahusu mfumo unaorekebisha miliampea wenyewe. Mfumo huo unakadiria unene wa mgonjwa kutokana na picha ya kwanza ya kupangia. Kama picha hiyo ilipigwa tyubu ikiwa juu na mgonjwa yuko chini, yuko mbali na tyubu, kivuli chake kinaonekana kidogo, mashine inadhani ni mwembamba na inampa miliampea pungufu. Chenga. Akiwa juu mno anaonekana mnene, anapewa dozi asiyoihitaji. Tyubu ikiwa chini wakati wa picha ya kupangia, mambo yanageuka. Pale hospitalini tulichofanya ni kukubaliana kwamba hakuna anayebonyeza kitufe kabla ya kutazama leza ya pembeni, na meza ikihamishwa urefu baada ya picha ya kupangia, picha hiyo inarudiwa. Haikugharimu kitu. Mikono nayo ikae juu ya kichwa kila inapowezekana. Ikilazwa ubavuni, mashine inaihesabu kama sehemu ya unene na kuongeza dozi, na mistari ya mifupa ya mikono inapita juu ya ini.

Hukusema kama mfumo huo wa kujirekebisha ulikuwa umewashwa siku ile. Nabashiri haukuwa, na nabashiri wagonjwa watatu waliorudishwa walikuwa wanene kuliko wengine. Kila takriban sentimita 4 za nyama hukata mionzi inayopenya kwa nusu. Mtu aliyemzidi mwenzake unene kwa sentimita 8 anafikisha robo tu ya fotoni kwenye vipokezi, kwa hiyo chenga zake ni mara mbili. Ukimpa kila mtu miliampea zilezile, mwembamba anapata zaidi ya anachohitaji na mnene anapata picha isiyosomeka. Ukizikata nusu kwa wote, mwembamba amenufaika, mnene umemharibia. Washa mfumo. Kisha usome kitabu cha mashine yako kwa makini, maana watengenezaji hawakukubaliana namna ya kuuelekeza. Kuna mashine zinazokuuliza kiwango cha chenga unachokivumilia: hapo kupunguza dozi ni kuipandisha namba. Kuna zinazokuuliza miliampea za mgonjwa wa mfano: hapo kupunguza dozi ni kuishusha namba. Mtu aliyehama kutoka mashine moja kwenda nyingine akiwa na mazoea ya zamani anaweza kuongeza dozi huku akiamini anaipunguza. Weka pia kikomo cha juu na cha chini cha miliampea, usiiachie mashine uwanja wote.

Kabla ya kutoka kwenye chenga, nenda kamuulize daktari aliyerudisha picha: ulikuwa unasoma vipande vya unene gani? Namaanisha swali hili kwa dhati. Unene wa kipande nao unafuata kipeuo cha pili. Data ileile ikijengwa kwa vipande vya milimita 1 na kisha kwa vipande vya milimita 5, ile ya pili ina chenga pungufu kwa zaidi ya mara mbili, na mgonjwa hajaguswa. Vipande vyembamba ni vya kujengea picha za upande na za mbele, na kwa mifupa na mapafu. Ini linasomwa vizuri zaidi kwenye milimita 3 hadi 5, kwa kichujio laini cha ujenzi wa picha. Nimewahi kukuta malalamiko ya mwezi mzima ambayo chanzo chake kilikuwa kwamba mfumo wa kutuma picha ulibadilishwa, na daktari akawa anafunguliwa kwanza vile vyembamba. Mteknolojia akiwa hajui hilo, atapandisha miliampea ili kutibu tatizo ambalo halikuwa la mionzi.

Sasa kilovolti, yaani nguvu ya umeme inayoipa mionzi uwezo wa kupenya, ambazo kwa maoni yangu zina faida kubwa na zinatumiwa kwa woga usio na sababu. Kwa miaka mingi karibu kila kitu kimepigwa kwa 120. Ukishusha hadi 100 bila kubadilisha kingine, dozi inapungua kwa zaidi ya theluthi. Chenga zitaongezeka, ndiyo. Lakini kama mgonjwa ana dawa ya kontrasti, kuna zawadi inayokuja nayo: iodini hunyonya kwa nguvu fotoni zenye nishati iliyo juu kidogo tu ya kiloelektronivolti 33, na mwale wa kilovolti 100 una fotoni nyingi zaidi za karibu na hapo. Mshipa unang'aa zaidi, ini na uvimbe vinaachana zaidi. Tuseme mng'ao umeongezeka kwa robo. Basi unaweza kuvumilia chenga zaidi kwa robo na uwiano wa kitu na chenga ukabaki palepale, na hiyo ni dozi pungufu kwa takriban asilimia 36. Hii ni moja ya nafasi chache katika kazi yetu ambapo dozi inashuka na kile daktari anachokitafuta kinaonekana vilevile.

Mtego upo. Kwenye mashine zinazolinda kiwango cha chenga, ukishusha kilovolti na usiguse kingine, mfumo utapandisha miliampea hadi chenga zirudi zilipokuwa, na punguzo lako limeliwa. Unapaswa kuuambia kwamba sasa unavumilia chenga zaidi. Baadhi ya mashine za siku hizi huchagua kilovolti zenyewe na kufanya hesabu hiyo, na zikiwekwa vizuri hufanya kazi nzuri. Kwa wagonjwa wanene sana usishuke, kwa sababu tyubu itafika mwisho wa uwezo wake wa miliampea na bado fotoni hazitoshi. Picha za mishipa, watoto na watu wembamba ndiyo pa kuanzia.

Kuhusu programu za kujenga picha kwa kurudiarudia, zinazoisahihisha picha hatua kwa hatua, najua muuzaji amekuahidi punguzo la dozi la asilimia 60, labda hata 80. Wazo lenyewe si geni. Mashine ya kwanza ya Godfrey Hounsfield, mvumbuzi wa CT, iliyopiga kichwa cha mgonjwa wa kwanza Oktoba 1971 huko Wimbledon, London, ilijenga picha zake kwa njia ya kurudiarudia. Baadaye ulimwengu ukahamia njia ya haraka zaidi kwa sababu kompyuta hazikuwa na nguvu, na njia ya kurudiarudia ikarudi kwenye hospitali kompyuta zilipoweza. Kuanzia mwaka 2019 zimeingia sokoni na zile zinazotumia akili mnemba. Zote zinapunguza chenga kweli, na nakushauri uzitumie. Ninachokuomba ni usiamini namba ya chenga peke yake. Programu inaweza kuishusha hadi picha iwe laini kama plastiki, mkengeuko ukasoma 8, na ule uvimbe wa vipimo 15 ukawa umelainishwa pamoja na chenga. Jiwe linabaki, mshipa unabaki, kinundu cha mapafu kinabaki. Kinachopotea kwanza ni kile cha tofauti ndogo, na hicho ndicho daktari wako anakitafuta kwenye ini. Kwa hiyo kwenye mapafu na mawe uwe jasiri. Kwenye ini, hatua yangu ya kwanza haizidi robo ya dozi, na hatua ya pili inasubiri daktari aseme.

Mashine mpya zinazohesabu fotoni mojamoja, zilizoanza kuruhusiwa Marekani mwaka 2021, zinaondoa chenga za umeme wa vipokezi na zitatusaidia sana kwenye dozi ndogo. Lakini wewe una mashine uliyo nayo, na bado haijafikishwa mwisho wa uwezo wake.

Watoto nitawataja kwa msisitizo. Miili yao ni midogo, fotoni zinapita kwa urahisi, kwa hiyo picha nzuri inahitaji dozi ndogo sana, na seli zao zinagawanyika kwa kasi na wana miaka mingi mbele ya madhara kujitokeza. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2012 uliofuatilia zaidi ya watu 178,000 waliopigwa CT utotoni ulikadiria kwamba kwa watoto walio chini ya miaka 10, kila CT 10,000 za kichwa zinaongeza mgonjwa mmoja wa saratani ya damu na mmoja wa uvimbe wa ubongo ndani ya miaka 10 inayofuata. Ni nadra, na mtoto aliyegonga kichwa na kupoteza fahamu asicheleweshwe kwa ajili ya namba hiyo. Lakini inatosha kutufanya tusimpige mtoto kwa protokoli ya mtu mzima hata siku moja. Na kuna kosa la kusoma ambalo lazima ulijue: CTDIvol inapimwa kwenye fantomu ya plastiki, ya sentimita 32 kwa mwili au ya sentimita 16 kwa kichwa. Tumbo la mtoto likiripotiwa kwa fantomu ya 32, skrini inaonyesha pungufu ya anachopata, mara nyingi karibu nusu. Angalia ripoti imeandika fantomu ipi kabla ya kufurahi. Tangu 2011 kuna majedwali ya kurekebisha namba hiyo kulingana na upana wa mwili, yabandike karibu na kompyuta.

Aproni za risasi na vifuniko vya matiti au macho vinavyowekwa ndani ya eneo linalopigwa, mimi sivishauri. Vinaleta mistari kwenye picha, na vikiwekwa kabla ya picha ya kupangia mashine inaongeza miliampea kuvipenya. Kwa kichwa, kuinamisha gantri (pete ya mashine) au kidevu ili macho yawe nje ya mwale kunasaidia zaidi.

Na mambo ya pumzi. Mgonjwa aliyepumua katikati ya kupigwa ni mgonjwa anayerudiwa, na kurudia ni asilimia 100 ya dozi juu ya ile ya kwanza. Mfundishe kabla, mkiwa mmesimama karibu naye: vuta, bana, usiachie hadi nikuambie. Afanye mbele yako mara mbili. Asiyeweza kubana, harakisha meza na mzunguko, usimlazimishe.

Kuna jambo moja la usalama ambalo kila anayebadilisha protokoli anapaswa kulijua. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya kubainika kwamba zaidi ya wagonjwa 200 wa hospitali moja, waliopigwa CT ya kuangalia mtiririko wa damu kwenye ubongo, walipata takriban mara nane ya dozi iliyotarajiwa. Iliendelea kwa karibu miezi 18, na iligunduliwa baada ya mgonjwa kunyonyoka nywele. Wakati wote huo namba ilikuwa ikionekana kwenye skrini. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, soma CTDIvol iliyotabiriwa. Uwe na kiwango cha kulinganishia kichwani: Chuo cha Radiolojia cha Marekani, kwa mfano, kimetumia miligrei 75 kwa kichwa cha mtu mzima na 25 kwa tumbo kama viwango rejea. Hivyo ni vya kukushtua ukivivuka mara kwa mara, mtu mmoja mnene kuvizidi si kosa. Kama nchi yako ina viwango vyake, fuata hivyo.

Sasa kazi ya wiki hizi. Rudisha protokoli ya tumbo ilivyokuwa, umwambie daktari kwamba umeirudisha. Chukua wagonjwa 20 wa mwisho wa tumbo, watu wazima wa unene wa kawaida, na kwa kila mmoja andika: swali la daktari, idadi ya awamu, urefu uliopigwa, CTDIvol, DLP, kilovolti, unene wa kipande kilichosomwa, umbali wa katikati ya mwili kutoka katikati ya tundu, na mkengeuko ndani ya duara la ini. Duara liwe na ukubwa kama wa ukucha wa kidole gumba, lisiguse mshipa wala ukingo. Haitachukua zaidi ya mchana mmoja. Nina hakika nusu ya punguzo lako utaliona kwenye safu za awamu, urefu na mkao kabla hujafika kwenye kilovolti.

Kisha ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Awamu na urefu kwanza, hizo hazihitaji kusubiri. Halafu kilovolti 100 kwa wembamba wenye kontrasti. Mwisho kiwango cha chenga, kwa hatua za asilimia 10 hadi 15, wagonjwa 20 kila hatua. Mpe daktari picha za kabla na za baada zikiwa zimechanganywa, bila kumwambia ipi ni ipi, aandike kwa kila moja: inajibu swali, inajibu kwa shida, haijibu. Za "kwa shida" zikianza kuongezeka, rudi hatua moja na ubaki hapo. Na hilo la kuchanganya usiliruke: daktari aliyeambiwa kwamba dozi imeshushwa ataziona chenga hata pale zisipoongezeka, na yule aliyeshirikishwa tangu mwanzo ndiye atakayekutetea mbele ya wenzako.

Ukishajaza jedwali la wale 20, niandikie tena na unitumie namba hizo, bila majina wala namba za faili za wagonjwa. Unene wa kipande usiusahau.